Kilo za Shaba

Mtu akija kwangu kuuliza uzito unaomfaa, simjibu kabla hajavua viatu. Baada ya viatu namwambia avue koti, mkanda, saa, atoe simu na funguo, na kama ni mama wa sokoni, afungue na lile pindo la kanga alilofungia chenji. Wengine hununa. Mwenye duka la mabati hapa kijijini aliwahi kunilalamikia kwamba kwangu mtu anapekuliwa kuliko mahabusu. Nikamwambia mahabusu hakaribishwi chai akimaliza kupekuliwa. Nimestaafu sasa, mizani ni yangu mwenyewe, naiweka barazani, na bado watu wanakuja, na bado nawavua. Wanadhani ni ukali wa uzee. Kuna mtu mmoja tu nilimpima na vyote alivyovaa, na hakuna wiki inayopita bila kutamani arudi asimame mbele yangu nimpime upya.

Alikuwa mama yangu, ingawa hakunizaa. Sisi ni Wairaqw wa Endasak, wakulima wa mahindi na maharage kwenye miteremko ya Hanang, na baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani ya kuwalisha. Akafanya kama walivyofanya wengi wa kwetu: alichukua ng'ombe wanne akawaweka kwa familia ya Wabarabaig bondeni, upande wa ziwa Balangida. Wao walichunga na kunywa maziwa, ndama walihesabiwa kuwa wa kwetu, na kwa sababu ya ng'ombe hao nyumba mbili zikawa ndugu. Nilipokuwa na miaka minne mama alijifungua mapacha, akaugua muda mrefu, na mimi nikakonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Baba akanibeba mabegani, akateremka nami bondeni, akanikabidhi kwa mke mdogo wa rafiki yake kama alivyowakabidhi ng'ombe. Nilikaa huko mpaka mvua zilipokuja mara mbili.

Mama wa bondeni, ndivyo nilivyomwita maisha yake yote. Alikuwa mrefu, mwembamba kiasi, mwenye mabega mapana na hatua ndefu. Alivaa vazi la ngozi la mwanamke aliyeolewa, zito, lililopambwa shanga na kuchanwa chini likawa tepe nyingi zinazocheza anapotembea. Mikononi alikuwa na shaba iliyozungushwa, duara juu ya duara, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, nyingine juu ya kiwiko, nyingine shingoni, nyingine miguuni. Fundi alimzungushia siku za ndoa yake na tangu hapo haikutoka. Nililala nimeegemea mikono ile. Alfajiri shaba ilikuwa ya baridi shavuni, kisha inapata joto polepole, na nikiamka alama za duara zilikuwa zimechapika usoni kwangu, naye anacheka.

Aliniponya kwa maziwa. Sina maneno makubwa zaidi ya hayo. Asubuhi maziwa mabichi, mchana mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa, jioni ugali wa mtama na samli. Kila baada ya siku chache alinishika mkono, hapa juu karibu na bega, akauzungusha kwa kidole gumba na cha kati. Siku vidole vyake viliposhindwa kukutana aliita jirani zake waje waone. Nilirudi kwa mama mzazi nikiwa na mashavu, na mama mzazi alilia kwa furaha na kidogo, nadhani, kwa wivu.

Baada ya hapo alikuwa akipita nyumbani kwetu kila siku ya mnada. Unasikia kwanza shaba, halafu unamwona mtu. Mbwa walimjua. Mama mzazi alikuwa akimtania kwamba hawezi kuiba mahindi ya mtu hata siku moja maana shamba zima litamsikia, naye anajibu kwamba Wairaqw ndio wezi wa kimyakimya. Walikunywa chai, wakabadilishana maharage kwa samli, wakawasema waume zao. Mimi nilikaa katikati yao. Watu wenye mama mmoja niliwaonea huruma.

Nikasoma, nikaenda chuo cha uuguzi, nikarudi kufanya kazi kwenye zahanati ya kwetu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mambo yamefunguka. Ghala la ushirika lilifungwa na popo wakahamia, lakini barabarani kulijaa watu wa kununua na kuuza: mitumba, mafuta ya kupikia ya madebe, soda, redio, baiskeli, baadaye simu. Wafanyabiashara walianza kutoka vitambi, na kitambi hakikuwa siri, kilikuwa tangazo. Halafu mkoa wetu ukakatwa kutoka Arusha, tukaitwa Manyara, na kwa muda mrefu daftari langu la wagonjwa liliendelea kuandikwa Arusha juu ya kila ukurasa, nikawa nakata kwa kalamu na kuandika jina jipya pembeni. Nilifanya hivyo kwa bidii ya ajabu. Nilikuwa kijana na nilipenda kila kitu kilichokuwa kipya na kilichonyooka.

Ndiyo maana niliipenda chati ilipokuja. Ilikuja imeviringishwa kama mkeka, pamoja na mizani ya kusimama ya watu wazima, maana kabla ya hapo tulikuwa na ile ya kuning'iniza watoto tu. Upande mmoja wa chati kulikuwa na urefu, upande mwingine kilo, na katikati rangi: njano kwa waliopungua, kijani kwa walio sawa, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu. Hesabu yake si ngumu. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, jibu utakalopata uligawe tena kwa urefu huohuo. Ukipata kuanzia kumi na nane na nusu, na usifike ishirini na tano, uko salama kwa mtu mzima. Chini ya hapo umepungua, juu ya hapo umezidi. Kwenye fremu ya mlango nilichora vipimo vya urefu kwa rangi ya mafuta, nikawa nawaegemeza watu hapo, kisigino ukutani, kidevu sawa, kitabu kichwani.

Kilichonifurahisha ni kwamba chati haikumpangia mtu kilo moja tu. Iliwapa watu wa urefu mmoja nafasi pana, huyu wa mifupa mikubwa na yule wa mifupa midogo, wote ndani ya kijani. Niliwaeleza watu hivyo mpaka sauti ikanikauka. Wajawazito sikuwapima kwa chati hiyo. Wazee waliopinda mgongo niliwaambia tuongee kwanza, kwa sababu urefu waliokuwa nao ujanani umepungua na hesabu itawaonyesha wanene kuliko walivyo. Wabeba magunia wa sokoni walikuwa wanaangukia rangi ya chungwa na hakuna hata tonge la mafuta mwilini, ni misuli. Wenye vitambi walikuwa wanaangukia nyekundu na kupeana mikono. Mmoja aliniambia nyekundu ndiyo rangi ya mabosi, nisimharibie. Nilijua basi, kama somo la kukariri, kila namna ambayo mizani inaweza kumsema mtu vibaya. Nilikuwa na orodha. Nilikuwa nimeibandika ukutani.

Mama mzazi hakuipenda chati. Kwake binadamu wote walikuwa wamekonda. Mchungaji amekonda, mwalimu amekonda, mimi nimekonda, binti wa jirani mwenye mapaja kama magogo naye amekonda, hali vizuri huyo. Alimshika kila mgeni kigasha wakati wa kusalimiana na kutikisa kichwa. Ukimsikiliza mama ungedhani Endasak nzima imelazwa. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha kumsikiliza katika jambo hilo, na nasema hivi nikijua ninavyojishtaki.

Mama wa bondeni alikuja zahanati siku ambayo haikuwa ya mnada. Nilisikia shaba kwenye kokoto za uwanja nikatoka mbio kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko peke yako?"

Nilikuwa peke yangu. Mganga wetu alikuwa ameitwa Babati kwenye semina, maana siku hizo mkoa ulikuwa mpya na kila mtu alikuwa anaitwa Babati. Nikamweka kwenye kiti changu, mimi mwenyewe nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Akaniambia bila kuzunguka. Majani bondeni yamekwisha, mashamba makubwa yamechukua malisho ya zamani, na mume wake ameamua wahame na mifugo yote kwenda kusini, mbali, mbele ya Singida, mwendo wa wiki nyingi. Wataondoka mwezi ukiandama. Lakini yeye mwili wake unamsumbua.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nasikia mwili mwepesi. Kama nimesahau kitu nyumbani."

Nilimpima joto, hakuwa na homa. Hakuwa akikohoa. Hakuharisha. Chakula, alisema, anakula kama zamani, halafu akasema labda si kama zamani sana. Mume wake na mke mwenzake walikuwa wamesema hivi: kama ni mgonjwa, asiende. Akae kwetu Endasak, kwa mama yangu, mpaka apone, halafu atafuata na lori. Mtu mgonjwa kwenye safari ile ni kumtafutia kaburi porini. Wamemtuma kwangu niseme.

"Nisemee vizuri," akaniambia. "Mimi nataka kwenda. Ng'ombe wangu wanaenda, mimi nibaki kufanya nini? Kuhesabu mahindi ya mama yako?"

Sasa nieleze kilichokuwa moyoni mwangu, maana hapo ndipo kosa lilipoota. Mimi nilitaka abaki. Niliposikia maneno "akae kwetu Endasak" moyo ulinipasuka kwa furaha. Niliona kitanda chake kikitandikwa, niliona mama wawili jikoni, niliona nikitoka kazini jioni nawasikia wakisemana. Nilitaka abaki kama mtoto anavyotaka. Na kwa kuwa nilitaka hivyo, niliona aibu. Nikajiambia mimi ni nesi, siwezi kumtenga mwanamke na ng'ombe wake na watoto wake kwa sababu mimi nina hamu naye. Nikasema mizani ndiyo itaamua, si mimi. Ikisema amepungua, anakwenda hospitali na safari hakuna. Ikisema yuko sawa, nitamruhusu hata kama nitalia.

Nikamwambia avue ngozi na shaba, nitampa kanga yangu ajifunge.

Aliniangalia kama nimemtukana. "Mume wangu yuko hai," akasema. "Nivue, namzika nani?"

Nililijua hilo, na nilisahau. Kwao mwanamke huvua shaba anapofiwa na mume. Kuvua mume akiwa mzima ni kumwitia mkosi. Na hata angekubali, nisingeweza kuitoa, ingehitaji fundi. Nikamwomba msamaha, nikapiga magoti kabisa. Akacheka, akapanda mizani na vyote alivyokuwa navyo, amenyooka, mikono pembeni, kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Kilo hamsini na saba. Urefu mita moja na sabini na mbili. Kwa urefu huo kijani inaanzia kilo hamsini na tano. Niligawa mara mbili, nikapata kumi na tisa na ushee. Nikagawa tena nikiomba nimekosea. Ikaja ileile.

Mtu atauliza, wewe uliyekuwa na orodha ukutani, uliyewavua watu saa na mikanda, hukuona shaba? Nimejiuliza zaidi ya yeyote. Jibu langu ni hili, na sina lingine. Sikuwahi kumwona bila shaba. Nililala juu yake nikiwa na miaka minne, iliniacha alama mashavuni. Kwangu shaba ile ilikuwa mkono wake. Ungeniambia nitoe uzito wa shaba ningekuuliza kama nitoe na uzito wa meno. Mgeni kutoka Dodoma angeiona mara moja. Mimi sikuiona kwa sababu nilimpenda tangu kabla sijajua kuhesabu.

Nikamwonyesha kwenye chati. Hakujua kusoma lakini rangi alizijua. Akaweka kidole pale nilipoweka changu.

"Hapa ndipo nilipo?"

"Hapo hapo mama. Kwenye kijani. Uko sawa."

"Basi naenda."

"Nenda mama."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, baraka ya kwao. Akaondoka kwa hatua zake ndefu. Nilirudi ndani nikaandika kilo zake kwenye daftari, nikakata Arusha, nikaandika Manyara, halafu nikalia nikiwa nimefunga mlango, nikijisifu kwamba nimekuwa mtu wa haki.

Njiani alipita kwa mama mzazi kuaga. Jioni nilipofika nyumbani mama hakuwa na raha. Alikuwa amekaa na sufuria ya maharage mapajani, hachambui.

"Mwenzangu amekwisha," akasema. "Shaba zinamcheza. Zamani zilikuwa zinambana, nyama inatokeza katikati. Leo nimemshika, zinapanda na kushuka."

"Mama, nimempima. Yuko sawa."

"Nimemshika mimi."

"Kwako nani hajakonda?" nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mama yake. "Wewe ukimshika tembo utasema hali vizuri."

Akaanza kuchambua maharage. Ningeweza kukimbia usiku uleule kwenda bondeni, ni mwendo wa saa tatu tu. Nilikula, nikalala. Siku saba baadaye waliondoka, ng'ombe, mbuzi, punda wamebeba, vumbi lao likaonekana kutoka shambani kwetu hadi saa sita mchana.

Nilichofanya nilikuja kukijua miezi minne baadaye, kwenye mnada wa Katesh. Nilikwenda kununua viatu vya mitumba. Pembeni mwa wauza viatu alikuwa amekaa mnunuzi wa vyuma chakavu, biashara ambayo nayo ililetwa na soko huria. Wazee wetu hawakuwahi kuwaza kwamba mtu atatoka mjini kuja kununua sufuria iliyotoboka. Mbele yake alisimama mwanamke wa Kibarabaig, mjane, nilijua kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu na mahali palipokuwa na shaba ngozi ilikuwa imefifia kama ya mtoto. Alikuwa ameleta shaba zake kwenye mfuko wa salfeti uliokuwa wa mbolea. Mnunuzi akautundika kwenye mizani yake ya ndoano.

"Kilo tano na robo," akasema.

Nilisimama pale na kiatu kimoja mkononi. Nikamwomba yule mama aruhusu lipimwe na vazi lake la ngozi, alilokuwa amelikunja kwenye mfuko mwingine. Mnunuzi akadhani nina wazimu, lakini alitundika. Kilo tatu na robo. Nikatoa hapohapo, bila karatasi. Hamsini na saba, toa nane na nusu. Arobaini na nane na nusu. Kwa urefu wa mita moja na sabini na mbili haikuwa njano ya mpakani ya kumwambia mtu ongeza maziwa. Ilikuwa kumi na sita na ushee, njano ya ndani kabisa, ya kumpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo hata kama anapiga kelele. Na mimi nilimwambia nenda.

Nilirudi Endasak na miguu ileile niliyokwenda nayo, viatu sikununua. Nikamweleza mama mzazi. Nilitegemea anipige kwa maneno, na ningeshukuru. Aliniuliza kama nimekula.

Tuliwaza namna ya kumfikia. Simu kule hazikuwepo bado. Nilimpa ujumbe dereva wa lori la ng'ombe, nikampa ujumbe mhubiri aliyekuwa anaelekea Singida, nikaandika barua kwa zahanati ambazo sikujua hata kama zipo: mwanamke mrefu wa Kibarabaig, mwenye shaba mpaka viwiko, mkimwona mpeni rufaa, msimpime na shaba. Dereva alirudi akasema alisikia wako mbele zaidi. Mwaka uliofuata akasema wamevuka mto. Baadaye akaacha kusema chochote, akawa ananipungia mkono tu akipita.

Nikabaki na kungoja. Niliendelea na kazi, nikaolewa, nikazaa, nikazidi ukali wa viatu na mikanda. Nilitafuta njia ya kuwapima Wabarabaig bila kuwavunjia heshima. Nikapata utepe wa kupimia mkono, pale juu karibu na bega, shaba inapoishia, kwenye nyama yenyewe. Ulikuwa ni kidole gumba na cha kati tu, umepewa sentimita. Kila nilipouzungusha kwa mtu niliona vidole vya mama wa bondeni. Mama mzazi alifariki, na kwenye mazishi nilijikuta natega sikio barabarani, nikijua ni ujinga kudhani kwamba mama wa bondeni angeisikia habari hiyo popote alipo na kuja. Nilikuwa na watu wengi nyumbani siku hiyo. Niliyemtaka ni mmoja.

Mwaka nilioanza kufikiria kustaafu, alikuja mwanamke mmoja zahanati na mtoto mgongoni. Alivaa gauni la mitumba na ndala, hana shaba hata moja. Alikuwa mrefu, na alipoingia hakusikika. Akasimama mlangoni akanitazama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, weka mtoto hapa."

"Hunijui," akasema. "Mimi ni mtoto wa mama yako wa bondeni. Wa mwisho. Nilikuwa nimebebwa na punda siku tulipohama."

Nilimkumbatia na mtoto wake kwa pamoja. Nilishika mikono yake, nikaona nashika mikono mitupu, nikaogopa kuuliza, lakini ilibidi.

"Mama?"

"Alishatuacha dada. Zamani. Mwaka wa pili tu baada ya kufika."

Tukakaa kwenye benchi. Alinisimulia taratibu, kwa Kiswahili cha shule cha huko walikohamia. Mama yao alitembea safari yote, hakupanda punda hata siku moja. Huko walikofika alizidi kwisha. Shaba zikawa zinateleza mpaka viganjani, akawa anafunga vitambaa chini yake zisidondoke. Kulikuwa na zahanati karibu, mwendo wa asubuhi moja. Baba yao alimwambia aende, mke mwenzake alimwambia, wauguzi wenyewe walipita boma kwa boma na mizani ya kubeba wakamwomba apande.

"Alikataa," akasema mdogo wangu. "Mara zote. Aliwaambia, mimi nina mtoto wangu ni daktari kwetu Hanang, alishanipima, alisema niko kwenye kijani. Ninyi ndio mnajua kuliko mtoto wangu?"

Akanishika mkono. "Alijivunia sana wewe, dada. Mpaka mwisho. Ndiyo maana nimekuja kukusalimia, nikuambie asante."

Ningeweza kuipokea asante ile. Alikuwa ameibeba kutoka mbali, na ilikuwa nzuri. Lakini nilimwambia yote: mizani, shaba, mfuko wa mjane, nane na nusu. Nilimwambia kwamba mama yake hakuwa kwenye kijani siku ile, ni shaba iliyokuwa kwenye kijani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia. Halafu akauliza:

"Ungejua, ungemzuia asiende?"

"Ningemzuia."

"Angekuchukia," akasema. "Wewe humjui kwa ng'ombe wake. Angekaa hapa Endasak na kukuchukia kila siku."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia ningeichukua chuki hiyo kwa mikono miwili, mwaka baada ya mwaka, apite mlangoni kwangu amenuna, asiitikie salamu yangu, ilimradi niwe naye.